Kula vizuri hapa Kigoma kunaanzia kwenye hela ya mboga

Kila mahali sasa hivi watu wanaongelea lishe, redioni, kliniki, kanisani, msikitini, na karibu maneno yote wanaambiwa akina mama. Mama pika hivi, mama mpe mtoto matunda, mama punguza mafuta. Mi naona tunamsema mtu ambaye hela hashiki yeye. Huku kwetu, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji mpaka Kibirizi, nyumba nyingi zinakula kwa hela inayoachwa mezani asubuhi, elfu tatu, elfu nne, siku ikiwa mbaya elfu mbili, na ile hela ndo inaamua nyumba itakula nini kabla mama hajafika sokoni. Kwa hiyo nasema wazi, ukitaka familia yako izoee kula vizuri anza na namna unavyotoa hela ya mboga. Toa kwa wiki, au kwa wiki mbili kama mfuko unaruhusu, acha hii ya siku moja moja.

Angalia elfu tatu ya siku inavyoenda. Unga wa kupima, mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, nyanya za fungu, kitunguu, fungu la dagaa, imeisha. Kila kitu kimenunuliwa kwa kile kipimo kidogo kabisa ambacho ukikipigia hesabu ndo ghali kuliko vyote, alafu hela ikipungua kinachoachwa ni mboga za majani na tunda, maana ugali huwezi kuuacha, watoto lazima washibe. Hapo ugali unakuwa mlima na dagaa wanakuwa wa kuonjea tu. Na ugali wenyewe ukiwa wa muhogo ndo balaa zaidi, muhogo unashibisha kweli lakini protini yake ni ndogo sana, unataka kitu cha maana pembeni. Mtoto analala ameshiba, kesho hivyo hivyo, mwaka unaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa, na mi naona wengi wao sio kwamba wanalala njaa.

Na inaniuma kwa sababu chakula kipo hapa hapa. Dagaa wetu unamla mzima, kichwa na miba, unapata protini na kalsiamu kwa pamoja. Ila dagaa ana majira yake na kila mtu wa ziwani anayajua: anavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haimvuti tena, wavuvi wanapumzika, sokoni dagaa wanaadimika na bei inapanda mpaka giza lirudi. Anayepewa hela ya siku ananunua kwa bei yoyote atakayoikuta siku hiyo, hana ujanja. Anayepewa ya wiki mbili anasubiri giza, anachukua sado, lile kopo kubwa la kupimia sokoni, ya dagaa wakavu, tena anachagua waliokaushwa kwenye chanja sio wale wa mchangani wanaotafuna meno, anaweka kwenye ndoo yenye mfuniko na mbalamwezi ikija yeye hana presha. Wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue kwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, nyumba zilizokuwa na akiba ya dagaa na maharage ziliendelea kula kawaida kwa muda mrefu kuliko wengine, na wala hazikuwa nyumba za matajiri.

Maharage nayo ni vile vile. Yanashuka kutoka Kasulu na Kibondo, ukichukua sado wakati wa mavuno unakula muda mrefu. Loweka usiku, asubuhi mwaga maji, hayasumbui mkaa. Pika ya siku mbili, kiporo chake asubuhi na muhogo wa kuchemsha au kiazi ni chai nzuri kabisa ya mtoto wa shule, kuliko chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne na andazi moja, afu saa nne mtoto anasinzia darasani mwalimu anasema mvivu.

Kuhusu mawese, maana hapa ndo watu wanabishana sana. Siku hizi kuna wanaoyaona mafuta ya kimaskini, wanataka yale meupe ya dukani hata kama wanayapata kwa kukopa. Mi siungi mkono kabisa. Ule wekundu ndo karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na sombe, yaani kisamvu, au matembele yakipata mafuta kidogo mwili unavuna vizuri kilichomo. Ila tusidanganyane, karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mafuta mazito ambayo wenye shida ya moyo wanaambiwa wayapunguze, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine. Na usiyachome mpaka yawe meupe, ukifika hapo ile karotini umeshaiua na moshi umeujaza nyumbani bure.

Chumvi sina mengi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, hesabu na ile iliyo kwenye samaki wa chumvi. Sisi wa mkoa wenye chumvi ya Uvinza tunaimwaga sana.

Najua akina baba watasema nikimpa ya wiki ataipeleka kwenye kikoba au atanunua kitenge. Kaeni chini muongee, andikeni pamoja kinachotakiwa, unga, dagaa, maharage, mawese, hivyo vikavu nendeni mkanunue wote wawili siku moja, inayobaki ndo ya majani, nyanya na parachichi za kila siku. Baba akienda sokoni mara moja tu na kuona sado ya dagaa inauzwaje, ule ugomvi wa "hela nilikuachia imeenda wapi" unapungua wenyewe. Na mwenye kipato cha siku, bodaboda au mbeba mizigo pale mwaloni, najua huwezi kutoa ya wiki kwa mkupuo, lakini ukitenga hata elfu moja kila jioni kwa ajili ya vitu vikavu, au majirani watatu wanne mkachanga mkanunua gunia la maharage mkagawana kwa sado, mnafika pale pale. Wavuvi ndo msiniambie kitu, nyie mnagawana hela giza likiisha, siku hiyo hiyo kabla hamjapita popote nunueni vikavu vya nyumbani vya kuwafikisha giza lijalo.