Shavu Lilikuwa la Moto

Kwa kuwa mshkaji wangu ameshairusha hii stori kwenye grupu, tena na chumvi kilo mbili, acheni niiseme mwenyewe.

Tulikuwa Nagoro, bonde la Iya, kisiwa cha Shikoku, Japani. Kile kijiji cha masanamu. Mnaouliza masanamu gani: vijana walishahamia mijini, wazee wanaondoka mmoja mmoja, waliobaki hata 30 hawafiki. Mama mmoja, Tsukimi Ayano, alirudi kutoka Osaka, akatengeneza sanamu la kutishia ndege lenye sura ya baba yake, na hakuacha tena. Magazeti ndani, nguo kuukuu juu. Leo masanamu yamewazidi watu karibu mara kumi. Hata shule iliyofungwa 2012 ina wanafunzi wa matambara, wametulia darasani kuliko mimi nilivyowahi kutulia.

Aibu ya kwanza niliipata kituo cha basi. Wazee wamekaa, nikainama, nikatoa salamu kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Kimya. Nikainama zaidi. Kumbe mshkaji yuko chini kwa kicheko.

Basi nikajifanya mjanja. Hanipati mtu tena.

Mbele kidogo, kando ya shamba, babu kakaa juu ya ndoo: kofia ya majani, taulo shingoni, glavu nyeupe, jembe kwenye magoti. Nikasema huyu wamemweza. Nikachuchumaa ubavuni, nikamkumbatia shingo, "haya, piga." Nikaona bado haijanoga. Nikalishika shavu kwa vidole viwili, nikalivuta.

Laini. Nikawaza, kitambaa gani hiki? Nikavuta tena. (Ndiyo, mara mbili. Tuendelee.) Likawa la moto. Kidevuni pana vinywele vyeupe, kimoja kikanichoma kidole. Halafu jicho, taratibu kama la kinyonga, likageuka likatua kwangu. Mkono nikauamuru utoke, ukagoma. Shavu la watu bado liko vidoleni.

Kijapani chote kikayeyuka. Kilichonitoka ni: "Shikamoo, babu."

Nikainama mpaka miwani ikaangukia matutani, nikaomba radhi kwa lugha zote ninazojua na nisizojua. Babu akacheka hadi kofia ikamvuka, akamwashiria mshkaji apige nyingine. Akavua glavu. Akanishika shavu langu, akavuta. Jamani, vile vidole vimeshika jembe miaka mingapi?

Hiyo picha ya pili, nashangaa, grupuni haijafika.