Daftari la mama mdogo na hiyo blokucheni

Mama mdogo alikuja Kigoma mjini kwa boti kutoka Sigunga, daftari lake la hospitali kaliviringisha ndani ya kanga. Usiku ziwa lilichafuka, kanga ikalowa chapachapa. Vipimo vya presha vya mwaka mzima vikageuka ukungu wa buluu. Uliosalia ni mstari mmoja wa kalamu nyekundu: asipewe dawa zenye salfa.

Dirishani tukaulizwa namba ya faili. Ilikuwa kwenye jalada la daftari, nayo imefutika.

Kwa hiyo vijana wa tehama wakiniambia dawa ya haya ni blokucheni, ule mnyororo wa kumbukumbu za kompyuta uliobeba sarafu ya kidijitali ya Bitcoin tangu 2009, siwacheki. Kila fungu la kumbukumbu hubeba alama ya fungu lililotangulia, kama alama ya kidole. Ukichezea herufi moja, alama inabadilika, na wote wenye nakala wanakubaini. Safi sana. Lakini mlinzi huyo hajui kweli na uongo. Nesi aliyechoka akiandika "hana mzio", mnyororo utaulinda uongo huo kwa uaminifu uleule.

Halafu kuna suala la kufuta. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Mnyororo haufuti. Hata Estonia, huko Ulaya, hawakuyapakia magonjwa ya watu humo. Kumbukumbu zenyewe zimebaki kwenye seva za kawaida. Mbinu hii wameitumia kulinda uhalisi wake na orodha ya walioyafungua mafaili, ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuitazama.

Hiyo ndiyo ningeitaka hapa kwetu. Mji huu tunaujua: uchukue dawa za VVU asubuhi, jioni muuza genge anakupa pole. Nani alichungulia faili? Leo si rahisi kujua. Orodha isiyofutika ingewatia watu adabu.

Ila kwanza zahanati ya kijijini na hospitali ya mjini zisomane, na kompyuta isizimike kila umeme ukikatika. Hapo hata blokucheni haihitajiki. Ni betri na utashi tu.

Mama mdogo tumemnunulia daftari jipya. Kabla ya jina lake, ameagiza tuunakili ule mstari, kwa kalamu nyekundu ileile.