Avaaye Mstari na Aujue Utendi

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, binti wa kaka yangu anayefanya kazi Nairobi alinitumia picha kwa simu pamoja na maneno machache: "Asalaam aleikum, shangazi. Nisomee hii kama iko sawa, nina miadi Jumamosi." Ilikuwa picha ya karatasi nyembamba ya kunakilia ambayo fundi wa tatuu alikuwa ameichora mistari miwili kwa herufi za Kiarabu, ya kutiwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, baina ya kiwiko na kifundo. Niliigeuza simu huku na huku kwa muda mrefu kabla sijatambua kilichoandikwa, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye. Nilipotambua, nilishindwa kumjibu usiku ule.

Mistari yenyewe ni hii: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi." Kwa asiyezoea Kiamu, lahaja ya Lamu, maana yake ni njoo mbele uketi, uje na wino na karatasi. Ni maneno ya Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie wasia binti yake, Mwana Hashima. Wanawake wengi wa Lamu wameulea moyoni utendi huo, baadhi yao bila ya kupata kuuona umeandikwa mahali popote. Marehemu wifi yangu alikuwa mmoja wao. Kila jioni, wakati wa kazi za shule ulipofika, alikuwa akitandika mkeka dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na kumwita mwanawe kwa mistari hiyo miwili, kwa sauti ya kughani, na mtoto akitoka ndani amekumbatia madaftari yake kifuani. Wifi yangu alifariki baada ya kuugua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo nilipoiona picha ile sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini binti alichagua maneno hayo na si mengine.

Niseme wazi nilipo, ili msomaji asije akanidhania vingine. Mimi ni Muislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo watu wengi wa kisiwa hiki, na nimefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba kuuchanja mwili kwa alama ya kudumu kumekatazwa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja kwa laana mwanamke mwenye kuchanja na mwenye kuchanjwa. Nayaamini hayo, na sitachanjwa. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomtazama kijana mwenye maandishi mkononi na kuhukumu papo hapo kwamba amepotea, au kwamba ameiga mambo ya watu. Anayeutia ubeti mwilini mwake amefanya jambo ambalo wengi wetu tumeacha kulifanya: amelipenda neno kiasi cha kukubali kuumia kwa ajili yake. Mapenzi ya namna hiyo yanastahili kujibiwa kwa uzito wake, na karipio peke yake halitoshi.

Isitoshe, sisi watu wa Lamu hatuna haki ya kushangaa mtu anapotaka kukaa karibu na maandishi. Tumeandika kwenye mihrabu za misikiti na kwenye mawe ya makaburi, na mashua zetu zina majina yaliyochaguliwa kwa kufikiri sana. Mwanamke akiingia dukani kununua kanga husoma jina kwanza, na laweza kumfanya aiache kanga ya rangi aipendayo kwa sababu maneno yake hayamfai au yatamgombanisha na jirani. Kanga nayo ni maneno yanayovaliwa mwilini. Tofauti ni kwamba kanga hufuliwa, hupauka, huazimwa, ikichakaa hugeuzwa mbeleko, na ujumbe uliokuwa moto wakati wa kununuliwa humalizika taratibu bila ya mtu kulazimika kuukana.

Hina nayo iko hivyo hivyo. Rangi yake hushika tabaka la juu la ngozi, na kwa kuwa tabaka hilo hubanduka na kujisasisha kila siku, baada ya wiki mbili au tatu maua ya arusi huwa yamekwenda zake. (Piko nyeusi ya siku hizi, inayochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi, ni jambo jingine, nimewahi kuona mikono ya bi arusi ikiota malengelenge kwa sababu yake, na naomba mama zetu waiache.) Lugha yetu hutumia kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili, tukasema kuchorwa hina na kuchorwa tatuu, kana kwamba ni kazi moja. Wazee walikuwa waangalifu zaidi. Walisema kuchanjwa, wakawa na maneno kama chale na tojo kwa alama zinazobaki, kwa sababu walijua kwamba panapopita chuma hapachorwi bali panakatwa.

Kwa upande mwingine, mashine ya tatuu ina nasaba ya uandishi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kalamu ya umeme, iliyokuwa na sindano ya kupiga matundu madogo madogo kwenye karatasi ili maandishi yanakiliwe mara nyingi kwa kupitisha wino kwenye matundu hayo. Mwaka 1891, fundi wa New York aitwaye Samuel O'Reilly alipata hataza ya mashine ya kuchanja iliyotokana na wazo la kalamu hiyo. Sindano iliyokuwa ikimsubiri binti yetu siku ya Jumamosi, basi, asili yake ni chombo cha kunakilia barua, na nilipomweleza habari hiyo alifurahi sana, kwani mistari aliyoichagua yenyewe inadai wino.

Sasa nirudi kwenye ile picha. Sababu iliyonifanya niigeuze simu huku na huku ni kwamba herufi zote zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na zilipangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Makosa haya hutokea pale programu ya kompyuta isiyoijua khati ya Kiarabu inapopewa maneno iyaandike. Huzitenganisha herufi na kuzigeuza mfuatano, na fundi asiyesoma khati hiyo hana namna ya kugundua. Litazame neno wino peke yake. Binti alikuwa ameliandika kwa wau, ya, nun na wau. Likigeuzwa, linakuwa wau, nun, ya na wau. Linaanza na wau na kuishia na wau vile vile, na jicho lenye haraka lingelipitisha, ilhali halisomeki tena. Kama asingenitumia picha ile, angetembea maisha yake yote na wito wa mama yake uliopinduliwa.

Karatasi nayo ina mtego wake. Katika khati ya zamani huandikwa kwa qaf, yenye nukta mbili juu, na mwanzoni mwa neno qaf na fa hutofautishwa na nukta tu: mbili ni qaf, moja ni fa. Wino uliomo ndani ya ngozi haukai ulipowekwa; miaka inavyopita husambaa kidogo, na vitu vidogo vilivyo karibu karibu hushikana. Nukta mbili zilizobanana leo zinaweza kuwa doa moja baada ya muda, na hapo mkono utakuwa umeandikwa fartasi, neno lisilo na maana. Nilimwambia kwamba, akiwa ameazimia, herufi ziwe kubwa kuliko alivyotaka na nukta zitengane, nikamsahihishia mfuatano kwa maneno, ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Kumwandikia karatasi ya kupeleka kwa fundi nilikataa, na alielewa kwa nini.

Lakini hayo yote ni ya mkono na sindano. Lililonitia uzito zaidi lilitokea nilipompigia simu usiku wa pili nikamuuliza ubeti uliotangulia unasemaje. Hakuujua. Alikuwa na mistari miwili tu, jinsi ilivyotoka kinywani mwa mama yake. Nikamsomea: "Maradhi yamenshika, hata yametimu mwaka, sikupata kutamka neno lema kukwambia." Kisha nikamalizia ubeti wake mwenyewe, ambao naona sasa hakuwahi kuusikia wote: "Moyoni nina hadithi, nimependa kukwambia." Hakusema kitu kwa muda mrefu. Mwaka mzima wa ugonjwa, na neno ambalo mama hakupata kulitamka, vilikuwa vimekaa upande wa pili wa maneno aliyotaka kuyavaa, naye hakujua.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mstari wa utendi si pambo lililochongwa peke yake kisha likapangwa pamoja na mengine. Umeshikana na wa juu na wa chini kwa vina, kwa maana na kwa pumzi ya anayeghani, na mtu akiuchukua mmoja anachukua na yote yaliyoshikana nao, ajue asijue. Utendi wa Mwana Kupona una beti 102. Ndani yake mna mapenzi ya mama, mna adabu za kukaa na watu, mna dua ndefu, na mna beti nyingi za utiifu wa mke kwa mume ambazo wasichana wa leo huzisoma kwa mikono miwili, mmoja wa heshima na mmoja wa kutokubaliana. Binti yetu hajaolewa, anajilipia kodi yake mwenyewe, na siku moja mtu anayeujua utendi atamwona mkono wake kisha amuulize kama anayakubali na yale mengine. Simwambii auache mstari kwa hofu ya swali hilo. Namwambia awe na jibu, na jibu hapati mpaka ameusoma utendi hadi mwisho wake.

Wako watakaonijibu kwamba maneno yakishamtoka mtunzi huwa mali ya aliyeyapokea, na kwamba mstari huu kwa binti huyu ni mkeka wa dakani na sauti ya mama yake, basi. Nalikubali hilo kwa nusu. Maana ya mtu binafsi ni maana ya kweli, tena mara nyingi ndiyo inayoyaweka hai maneno ya kale. Lakini maana hiyo haipungui kwa kuijua ile ya asili. Nimeshuhudia ikiongezeka kwa simu moja tu.

Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Shelley Jackson, alianza kuichapisha hadithi yake ya maneno 2,095 kwenye ngozi za watu waliojitolea, kila mmoja akichanjwa neno moja. Hadithi nzima haikukusudiwa kuchapishwa kwenye karatasi. Wanaopata kuisoma yote ni wale waliolibeba neno lake. Mengi katika jambo hilo yako mbali na mimi, lakini sharti hilo nalipenda sana. Aliyekubali kulibeba neno moja hupewa maneno yote.

Na hata chini ya ngozi, wino haukai kwa kutulia. Sindano huufikisha kiasi cha milimita moja au mbili, kwenye tabaka la pili la ngozi, na huko chembe za kinga za mwili huumeza zikidhani ni adui. Wanasayansi wa Ufaransa walionyesha mwaka 2018, kwa kuchunguza panya, kwamba chembe hizo zikifa huuachia wino, na chembe mpya zikaja zikaumeza upya pale pale. Alama huonekana haijabadilika kumbe imeshapokezanwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu, aliyeupokea utendi kwa nyanya yake, akampa mama yangu, naye akatupa sisi watoto wake na mke wa kaka yangu alipoingia nyumbani. Bibi, mama na wifi yangu wote wameshazikwa, na beti ziko pale pale zilipokuwa.

Miadi ya Jumamosi binti aliiahirisha. Hakuifuta, nami sikumwomba aifute, kwa kuwa ni mtu mzima na hesabu yake na Mola wake ni yake. Tulichokubaliana ni kwamba tusome pamoja kwa simu, beti nne au tano kila usiku baada ya Isha. Mimi nasoma, yeye anarudia, na anapokosea naanza upya kama nilivyofanyiwa mimi. Juzi tulifika pale Mwana Kupona anapozitaja radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Nilitarajia abishane na hiyo ya tano. Badala yake aliniomba niurudie ubeti wa baba na mama, nikaurudia mara tatu.

Atakuja Lamu wakati wa Maulidi. Nimeshamwambia fundi wetu wa hina hapa mtaani kwamba siku hiyo sihitaji maua. Nitamwandikia binti yetu mistari yake miwili kwa mkono wangu, pale pale alipopachagua, kuanzia kulia, na nukta mbili za qaf nitazitenganisha vizuri.