Hasira za mkizi pembeni mwa uwanja wa kikapu

Novemba 25, 2024, huko Lahaina kisiwani Maui, Chuo Kikuu cha Connecticut, yaani UConn, kilikuwa kinapimana ubavu na Memphis. Dakika za nyongeza, matokeo 92 kwa 92, zimebaki sekunde 40 hivi. Refa akapuliza faulo dhidi ya kijana wa UConn aliyeruka kugombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia. Kocha wake, Dan Hurley, akaanguka chali sakafuni kama aliyepigwa na radi. Marefa hawakucheka: faulo ya kiufundi, yaani adhabu ya utovu wa nidhamu, juu ya ile faulo ya kwanza. PJ Carter wa Memphis akasimama mstarini, akatupa mitupo huru minne, yote ikaingia. Mechi ikaisha 99 kwa 97. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, na mvuvi siku hiyo alivaa jezi ya Memphis.

Kesho yake UConn ikafungwa na Colorado kwa pointi 1, na keshokutwa Dayton ikaizidi kwa pointi 18. Mtu anayeamini kwamba kocha mwenye jazba huangusha timu yake angefunga jalada hapo. Ila Hurley huyuhuyu, kwa kelele hizihizi, alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 2 mfululizo, 2023 na 2024.

Na si kocha mkali wa kwanza pale UConn. Watanzania tunakijua chuo hicho kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyekichezea kuanzia 2006 hadi 2009. Kocha wake, Jim Calhoun, hakuwa mtu wa kunong'ona. Februari 2009 aliulizwa mbele ya waandishi kama angerudisha sehemu ya mshahara wake wa dola milioni 1.6 wakati jimbo lina ukata, akawaka kweli kweli na kusema harudishi hata senti. Chini ya mkali huyo, Thabeet, aliyeanza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara 2, kisha akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, zamu ya timu za kulipwa za Marekani kuchagua vijana wapya. Calhoun mwenyewe alistaafu na vikombe 3.

Basi ukali unalipa? Wanaosema ndiyo humtaja Bob Knight, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana, kabla ya mwingine yeyote. Timu yake ya 1976 ilicheza mechi 32 na kushinda zote, jambo ambalo kwa zaidi ya miaka 45 hakuna timu ya wanaume iliyolirudia. Aliongeza ubingwa 1981 na 1987. Katikati hapo, Februari 1985, alirusha kiti uwanjani wakicheza na Purdue. Tena wachezaji wake wengi walihitimu masomo, na chuo hakikuwahi kuadhibiwa kwa kununua wachezaji akiwa kocha. Moto wa mtu na uadilifu wake ni vitu viwili, ingawa tunapenda kuvifunga fungu moja.

Lakini itazame hesabu yake yote. Kuanzia 1995 hadi alipofukuzwa Septemba 2000, Indiana haikuvuka raundi ya pili ya mashindano ya taifa hata mara moja. Hulka yake haikubadilika. Vikombe ndivyo vilivyokauka. Mkanda wa video wa mazoezi ya 1997, unaoonyesha mkono wake shingoni mwa mchezaji Neil Reed, ulitoka wakati ambapo hapakuwa tena na kombe jipya la kuufunika. Hapo pana mtego kwa sisi wachambuzi. Tunawakumbuka wakali walioshinda. Mike Rice, kocha wa chuo cha Rutgers, aliyefukuzwa 2013 baada ya video kumwonyesha akiwapiga wachezaji wake kwa mipira na kuwatukana, nani humtaja akitetea ukali?

Upande wa pili anasimama John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA: ubingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975, ushindi wa mechi 88 mfululizo, na yeye amekaa benchini na karatasi ya programu aliyoikunja mkononi. Siku ya kwanza ya msimu alikuwa akiwafundisha vijana, wengine mabingwa tayari, namna ya kuvaa soksi zisipate mikunjo, maana mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hakimbii. Mashabiki wa upole humtumia kama msahafu. Wanachosahau ni kwamba alifika UCLA 1948, akangoja miaka 16 kupata kikombe cha kwanza. Siku hizi nani angempa miaka 16?

Kinachonivutia zaidi kwa Wooden ni daftari la wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp. Waliketi kwenye mazoezi yake msimu wa 1974–75 wakihesabu kila alichowaambia wachezaji. Walipata matendo 2,326 ya ufundishaji, na takriban asilimia 75 yalikuwa maelezo matupu: shika hivi, geuka huku, pasi kabla ya hatua ya pili. Sifa zilikuwa chache, karipio vilevile. Kwa hiyo yule tunayemwita mpole hakuwa akibembeleza mtu. Alikuwa anafundisha bila kupumzika.

Weka daftari hilo karibu na utafiti wa Barry Staw na wenzake, wa 2019, waliorekodi hotuba 304 za mapumziko za makocha wa sekondari na vyuo California. Kocha aliyeongea kwa kutoridhika aliona timu yake ikicheza vizuri zaidi kipindi cha pili, mpaka kiwango fulani. Akivuka hapo na kuwa ghadhabu tupu, faida inageuka hasara. Mimi nasoma tafiti hizi mbili kama kitu kimoja: swali ni kelele ile imebeba nini. “Umechelewa kumfunika mtupaji” ni habari hata ikipigiwa yowe. Tusi halimwambii kijana asimame wapi.

Jambo lililobadilika kweli ni mlango. Enzi za Knight, mchezaji aliyehama alikaa nje msimu mzima, kwa hiyo alivumilia. Tangu 2021 anaweza kuhama na kucheza papo hapo, na mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, kwa mfano katika matangazo. Wengi walitabiri kwamba hapo wakali wamekwisha.

Tony Bennett, kocha mtulivu wa chuo cha Virginia, angepaswa kuwa mshindi wa zama hizo. Mwaka 2018 alifungwa 74 kwa 54 na chuo kidogo cha UMBC, mara ya kwanza kwa timu ya wanaume iliyopangwa namba 1, kundi la zinazopewa nafasi kubwa zaidi kwenye mashindano ya taifa, kupoteza kwa iliyopangwa namba 16, kundi la mwisho. Akajibu maswali kwa sauti ileile ya kila siku, na 2019 akawa bingwa. Oktoba 2024 alijiuzulu ghafla, akisema soko hili la fedha na uhamisho halimfai. Wiki 5 hivi baadaye, Hurley akawa chali sakafuni Maui.

Msimu ulipoisha, Aidan Mahaney, aliyekuwa amehamia UConn mwaka huo tu, alihama tena. Alex Karaban, aliyekuwa na Hurley kwenye vikombe vyote 2 na angeweza kujaribu NBA, alirudi.