Saruji inaokolewa kwenye kompyuta, sio kwenye video za roboti

Ukitaja teknolojia ya ujenzi tu, watu wanakurushia ile video ya printa ya 3D inatema zege tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta unasimama. Inapendeza, sikatai. Ila mara nyingi printa inaishia kwenye kuta, paa na mabomba bado yanamsubiri fundi, na ule mchanganyiko wake kwa kawaida unakula saruji nyingi kuliko zege la kawaida. Sasa hapo mazingira tumeyaokoa vipi?

Saruji peke yake inabeba karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Na sio moto wa tanuri tu jamani, mawe ya chokaa yakichomwa kufikia nyuzi kama 1,450 jiwe lenyewe linaachia kaboni, na zaidi ya nusu ya uchafuzi wote wa saruji unatoka hapo, yaani hata tanuri uliendeshe kwa umeme wa jua bado. Kwa hiyo njia ya haraka ni kumwaga zege kidogo, na kulimwaga mara moja tu bila kurudia.

Hapo ndo naipenda BIM, yaani kuchora jengo zima kwenye kompyuta kama modeli moja ambayo wataalamu wote wanaitumia, nayo haina video ya kuvutia hata moja. Ukijenga kwa karatasi, akitekti ana ramani yake, injinia wa nguzo ana yake, wa maji naye ana yake, na hakuna anayeona kwamba bomba la maji machafu limepangwa lipite katikati ya boriti. Inagundulika saiti, zege limeshakauka, zinaletwa nyundo za umeme, nondo inakatwa, injinia akifika anawaka, mnavunja mnamwaga upya. Kwenye modeli programu inakuonyesha mgongano kwa rangi nyekundu, unasogeza bomba sentimita 20, biashara imeisha. Uingereza waliona hilo mapema, tangu Aprili 2016 serikali kuu inaidai BIM kwenye miradi yake.

Kingine ni vihisi (sensor) vya zege. Kidude kidogo unakifunga kwenye nondo kabla ya kumwaga, kinasoma joto la zege linavyoiva, na ukishapima mchanganyiko huohuo maabara unaweza kukadiria nguvu yake saa kwa saa badala ya kubahatisha. Makontrakta wengi wanazidisha saruji kwa woga tu, ili mbao zinazoshikilia zege zitolewe mapema bila presha. Ukiwa na namba mkononi huo woga unapungua.

Lakini modeli ikibaki ofisini ni bure kabisa, fundi saiti bado anasoma karatasi iliyolowa ya toleo la zamani, bora huyo apewe tableti kabla bosi hajanunua droni ya kupigia picha.

Na kuna hili ambalo wauza programu hawalisemi. Injinia anayelipwa asilimia ya gharama ya jengo, akipunguza zege anajikata malipo mwenyewe, sasa umpe programu ya bei gani ndo alipunguze? Alipwe bei ya kazi iliyokubaliwa, na kitakachookolewa agawane na mwenye jengo. Na wa kuanza ni huyo mwenye jengo, maana hela ni yake na mkataba hauendi bila sahihi yake.