Kalamu ya mpelelezi, maneno ya shahidi

Wapelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, huenda kumhoji mtu wakiwa wawili. Mmoja anauliza, mwenzake anaandika vidokezo kwenye daftari. Wakirudi ofisini hutayarisha muhtasari wa mazungumzo kwenye fomu iitwayo FD-302, na kwa utaratibu wao inatakiwa ikamilike ndani ya siku 5 za kazi. Aliyehojiwa kwa kawaida hasomewi muhtasari huo, wala haweki sahihi.

Kwa msomaji wa Tanzania, hapo ndipo pa kushtuka. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka maelezo ya shahidi yaandikwe kwa ukamilifu, pamoja na maswali ya ufafanuzi na majibu yake, kisha aonyeshwe au asomewe, naye awe huru kufafanua au kuongeza. Kasoro za utekelezaji tunazijua, lakini walau sheria imeweka hatua ambapo shahidi anaweza kusema, "Afande, hapa sikusema hivyo." Kwenye 302 hatua hiyo haipo.

Siungi mkono wanaosema fomu hizi ni uzushi mtupu. Upelelezi mkubwa hauwezi kwenda bila muhtasari. Balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu tarehe 7 Agosti 1998, watu 224 waliuawa, na mamia ya wapelelezi walimiminika katika miji hiyo miwili. Kiongozi wa timu hana muda wa kusikiliza kila neno la kila aliyehojiwa. Anataka kujua jioni hiyo hiyo nani alikodisha nyumba, nani aliuza gari, nani alionekana wapi. Mmoja wa washtakiwa, Mohamed al-'Owhali, alihojiwa na FBI Nairobi mwezi huo huo, na aliyoyasema yalifika kwa baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, huko New York mwaka 2001 kupitia ushahidi wa mpelelezi. Yeye na wenzake watatu walitiwa hatiani. Lakini upande wa mashtaka haukutegemea maneno yake peke yake. Palikuwa na ushahidi mwingine wa kuyapimia.

Hoja nyingine ya FBI ni kwamba mashine huwafunga watu mdomo. Waraka wao wa ndani wa mwaka 2006 ulieleza kuwa kinasa sauti kinaweza kuharibu maelewano kati ya mpelelezi na anayehojiwa, na kwamba mbinu halali kabisa za mahojiano zinaweza kuonekana mbaya machoni pa raia wa kawaida. Hoja ya kwanza naielewa. Mtoa habari anayehofia roho yake hatazungumza mbele ya kamera. Ya pili inanisumbua sana, maana kama mbinu ni halali, wazee wa mahakama ndio hasa wanaopaswa kuiona.

Uzito wa jambo zima unakuja pale maneno yenyewe yanapokuwa ndiyo kosa. Kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya Marekani kinamfunga mtu hadi miaka 5 kwa kumdanganya ofisa wa serikali kuu katika jambo la msingi, hata kama hakula kiapo. Katika kesi ya wizi, pesa zilizopotea zipo au hazipo. Katika kesi ya 1001 kosa ni sentensi, na kama mahojiano hayakurekodiwa, sentensi hiyo imehifadhiwa kwenye kalamu na kumbukumbu ya upande mmoja tu.

Michael Flynn, mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Trump, alihojiwa Ikulu ya Marekani tarehe 24 Januari 2017 kuhusu simu alizopigiana na balozi wa Urusi. Simu zenyewe zilikuwa zimenaswa na serikali. Mahojiano juu ya simu hizo hayakunaswa. Fomu ya 302 ilikamilishwa tarehe 15 Februari, wiki tatu baadaye, na ujumbe wa simu wa Peter Strzok, mmoja wa wapelelezi waliomhoji, ulionyesha kuwa alikuwa ameifanyia rasimu marekebisho. Mawakili wa Flynn walidai maneno yamechezewa. Haki isemwe: Jaji Emmet Sullivan alilinganisha vidokezo vya mkono na rasimu mwaka 2019, akaona vinakubaliana katika mambo ya msingi. Flynn mwenyewe alikuwa amekiri kosa, ingawa baadaye alitaka kufuta kukiri kwake, na mwaka 2020 alipata msamaha wa rais. Siamini kwamba 302 yake ilitungwa. Ila nchi ilibishana miaka juu ya jambo ambalo kinasa sauti cha mfukoni kingelimaliza kwa nusu saa.

Kesi ya Orlando ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Baada ya mauaji ya watu 49 kwenye klabu ya usiku ya Pulse mjini Orlando, Florida, tarehe 12 Juni 2016, mke wa muuaji alihojiwa na FBI kwa saa nyingi, bila kurekodiwa. Mpelelezi aliandika maelezo kwa mkono wake, mama yule akaweka sahihi. Humo mlikuwa na habari kwamba yeye na mumewe waliwahi kwenda kuizunguka klabu hiyo kabla ya shambulio. Uchunguzi wa FBI yenyewe kwenye data za simu haukuonyesha kwamba walifika hapo. Kumbe hata sahihi haitoshi, iwapo aliyechagua maneno ni mwingine na aliyesaini amechoka. Alishtakiwa, lakini Machi 2018 aliachiwa huru, na msemaji wa wazee wa mahakama akasema wazi kwamba anatamani FBI ingerekodi mahojiano yale.

Sasa ongeza lugha. Chukua Mtanzania anayeishi Marekani, akihojiwa kupitia mkalimani. Anasema, "Alikuja juzi, saa mbili usiku." Je, aliyekuja ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikusema, ila Kiingereza kitamlazimisha mkalimani achague. Saa mbili usiku isipogeuzwa kuwa saa nane ya kwao, kwenye fomu itasomeka usiku wa manane. "Juzi" nayo yaweza kuwa siku mbili zilizopita au siku za karibuni tu. Kosa likishaingia kwenye muhtasari, linasomeka kama kigeugeu cha shahidi.

Julai 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kutumia sera ya kurekodi mahojiano ya watu waliokamatwa na kuwekwa kizuizini. Ni hatua njema. Lakini Flynn hakuwa amekamatwa. Mke wa muuaji wa Orlando naye, kwa maelezo ya serikali, hakuwa kizuizini. Mahojiano ya wote wawili yalifanyika baada ya sera hiyo kuanza, na yote mawili yalikuwa nje ya mipaka yake. Waache 302 ifanye kazi yake ya kuongoza upelelezi, na watoa habari waliofichwa walindwe kama kawaida. Ila mtu yeyote ambaye majibu yake yanaweza kumpeleka jela kwa kifungu cha 1001, awe amekamatwa au amekaa sebuleni kwake, arekodiwe kuanzia swali la kwanza.