Erbiamu kwenye chipu: tatizo ni pampu

Amplifaya (kikuzaji mwanga) ya faiba yenye erbiamu, metali ambayo ayoni zake hukuza mwanga, iliyoonyeshwa mwaka 1987, ndiyo inayosukuma mwanga kwenye nyaya za baharini, zikiwemo zinazotua Mombasa na Dar es Salaam. Faiba yake hufika mita kadhaa. Chipu ina sentimita chache tu. Ukifidia kwa kuongeza erbiamu, ayoni husongamana, mbili zenye nishati hugongana, moja inapanda, nyingine inashuka bure. Chipu huwaka kijani. Inapendeza kwenye picha, ila kijani hicho ni pampu, yaani mwanga wa leza unaoipa erbiamu nishati, inayopotea.

Mwaka 2022 watafiti wa EPFL, chuo cha teknolojia cha Uswisi, walikwepa msongamano kwa kurefusha njia: karibu nusu mita ya njia ya mwanga ya naitraidi ya silikoni iliyokunjwa ndani ya chipu, ayoni zikapigwa ndani kwa nishati ya hadi MeV 2 (elektronivolti milioni mbili), kisha ikaokwa. Walipata miliwati 145 na ukuzaji wa desibeli 30, yaani mara 1000. Uokaji huo, takriban nyuzi 1000, lazima utangulie nyaya za alumini, maana alumini huyeyuka kwenye 660.

Wanaotetea amplifaya ya semikondakta ya indiamu fosfaidi wana hoja: unaipa umeme moja kwa moja, na milimita moja au mbili zinatosha. Lakini nishati yake hudumu chini ya nanosekunde, hivyo ukuzaji unayumba kila biti ikipita na chaneli moja inaichafua nyingine. Erbiamu hushikilia nishati kwa milisekunde kadhaa. Haizisikii biti kabisa.

Ila erbiamu haili umeme. Inataka dayodi ya leza, nayo pia ni semikondakta. Ya urefu wa wimbi wa nanomita 980 hupoteza asilimia 37 ya nishati kwa kila fotoni inayogeuzwa kuwa 1550, ambako erbiamu hukuza; ya 1480 hupoteza kidogo sana, lakini kelele inaongezeka. Kiungo cha dayodi na chipu kikila desibeli 3, nusu ya pampu imekwenda kabla kazi haijaanza.

Kwa viungo vifupi vya vituo vya data, ambavyo vingi hutumia nanomita 1310, mbali na 1550 ya erbiamu, naona erbiamu haina la kufanya. Kwa leza tulivu za vipimo na mawasiliano ya mbali, ningeichagua. Lakini kata ncha za chipu kwa mshazari: desibeli 30 ni mara 1000, na kila ncha ikirudisha asilimia 0.1 tu ya mwanga, amplifaya inageuka leza yenyewe.